Magofu ya Kilwa na Swali la Wenyeji

Mwezi wa Machi, mwaka 2023, jarida la sayansi liitwalo Nature lilitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika Afrika ya Mashariki. Wengi wao walitoka katika makaburi ya miji sita ya pwani, miongoni mwayo Mtwapa, Manda na Faza katika Kenya, na Kilwa na Songo Mnara katika Tanzania, nao waliishi kati ya mwaka 1250 na mwaka 1800. Waliosalia walitoka katika mji mmoja wa bara. Wataalamu walisoma chembe za urithi zilizobaki katika mifupa hiyo, wakaona kwamba watu wa miji ile walikuwa na asili mbili zilizosukwa pamoja. Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya urithi ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki, na mara nyingine zaidi ya nusu, ilitoka Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya sehemu hiyo ya Asia ilitokana na wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 asili ya Arabuni ndiyo iliyozidi kuingia.

Mahali pengine habari ya namna hii ingesomwa na wataalamu wachache, kisha ikawekwa kabatini. Katika pwani hii haiwezekani. Swali la nani aliyeijenga miji ya mawe halijapata kuwa la wataalamu peke yao, kwa kuwa jibu lake limetumiwa kupimia kodi, kura na ardhi. Zamani za utawala wa Waingereza katika Kenya, wazee wa Thenashara Taifa wa Mombasa walipigania kwa miaka mingi wasihesabiwe pamoja na wale walioandikwa kuwa wazalia, kwa sababu mzalia alikuwa na sheria zake na kodi yake, na asiye mzalia alikuwa na zake. Katika Unguja na Pemba, jina la Mshirazi liliingia katika siasa waziwazi: mwaka 1957 African Association na Shirazi Association ziliungana, na muungano huo ndio uliokuja kuitwa Afro-Shirazi Party, chama kilichoshika serikali baada ya mapinduzi ya Januari 1964 hata kilipoungana na TANU mwaka 1977. Ukanda wa maili 10 katika pwani ya Kenya, ambao Waingereza waliukodi kwa Sultani wa Zanzibar tangu mwaka 1895, uliingizwa katika Kenya huru mwaka 1963. Na karibu miaka 50 baadaye walisikika watu katika Mombasa wakidai kwamba Pwani si Kenya. Katika mabishano hayo yote magofu yaliitwa kuwa mashahidi, na aghalabu ushahidi wake ulikuwa umekwisha kuandikwa kabla hayajafungua kinywa.

Kilwa Kisiwani yafaa kuliko mji mwingine wowote kwa kulichungua swali hili. Ina majengo na sarafu, ina maelezo ya mgeni aliyeufika mji ungali hai, tena ina tarikh yake yenyewe. Tarikh hiyo, Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na nakala yake moja imehifadhiwa London. Mreno João de Barros naye alikuwa na habari zinazofanana nayo, akazitia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Yasimuliwa kwamba mwanzilishi wa ufalme alitoka Shiraz pamoja na wanawe, na kwa mujibu wa maandishi ya Kiarabu walisafiri katika merikebu saba, kila moja ikatua mahali pake. Aliyefika Kilwa alikikuta kisiwa kina mwenyewe, akakinunua kwa nguo, nguo nyingi za kutosha kukizunguka kisiwa chote.

Waandishi wengi waliisoma habari hiyo kwa jicho moja. Walilishika jina la Shiraz, wakayapita yaliyobaki. Lakini tarikh yenyewe yasema kwamba katika kisiwa palikuwako Mwislamu aliyetangulia, na jina lake ni Muriri wa Bari. Msomaji anayekijua Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba kiungo kile cha katikati hakikutoka Shiraz. Mfalme wa kwanza aliyetoka ng'ambo anapewa lakabu ya Nguo Nyingi, na mwanawe anaitwa Mkoma Watu. Basi katika kitabu cha Kiarabu, kilichotungwa ili kuthibitisha nasaba ya Kiajemi, wafalme wenyewe wanaitwa kwa Kiswahili. Mwandishi wa tarikh hakuliona hilo kuwa jambo la ajabu, wala hakujaribu kuyafasiri majina hayo. Yaelekea aliyaandika kama alivyoyasikia watu wa mjini wakiyataja.

Na masimulizi ya wenyeji yaliyoandikwa kwa Kiswahili, ambayo Carl Velten aliyachapisha Berlin mwaka 1907, yana jambo moja zaidi. Mwenye kisiwa, ambaye hapo anaitwa Mrimba, alimwoza binti yake yule Mshirazi aliyekuja, na mtoto aliyezaliwa ndiye aliyeurithi utawala kwa babu yake mzaa mama. Habari hii ilichukuliwa muda mrefu kuwa hadithi tu. Msomaji ataona jinsi inavyolingana na yale yaliyosomwa katika mifupa: baba wa Kiajemi, mama wa pwani. Wazee wa Kilwa walilisema jambo hilo kwa maneno machache karne moja kabla ya maabara.

Uchimbaji wa kitaalamu ulianza barabara wakati wa ukoloni ulipokuwa ukielekea mwisho. Bwana James Kirkman aliyasimamia magofu ya Gedi tangu mwaka 1948, na Bwana Neville Chittick akachimba Kilwa katika miaka ya 1960, akatoa vitabu vyake viwili vikubwa mwaka 1974. Kazi ya mabwana hao haina budi kuheshimiwa. Hakuna anayeandika habari za Kilwa leo asiyeanza na ramani za Chittick. Yeye ndiye aliyeifukua Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane, lililojengwa juu ya mwamba unaotazama bahari katika karne ya 14, na ndimo lilimoonekana jiwe lenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Hata hivyo wote wawili waliingia kazini na jibu mkononi. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 Kirkman alisema kwamba majengo ya kale ya pwani ni mali ya Waarabu na ya Waajemi waliokuwa kama Waarabu. Damu yao, alikiri, ilichanganyika na ya Waafrika, bali ustaarabu wao ulikuwa mbali nao kabisa. Neno hilo liliandikwa katika miaka ileile ambayo nchi hizi zilikuwa zikipata uhuru. Si lazima kudhani kwamba alikuwa na nia mbaya. Yatosha kuona kwamba aliwapa watu wa pwani historia ambayo ndani yake wao walikuwa wapangaji.

Mawazo hayo yalianza kulegea baada ya uchimbaji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, alioufanya Mark Horton katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena, hata akafika kwenye kijengo kidogo cha miti cha karne ya 8, ambacho hakikuweza kuchukua zaidi ya watu wachache. Mji haukuletwa kwa merikebu ukiwa umekwisha tengenezwa. Ulianza kwa miti na udongo, ukaja kuwa wa mawe polepole, na nyumba za mawe zikafuata mistari ya nyumba za udongo zilizozitangulia. Vyungu vya tabaka za chini kabisa ni vile vya nakshi za pembetatu zilizochorwa kwa ncha, na Felix Chami, katika tasnifu yake ya mwaka 1994, alionyesha jinsi vyungu vya namna hiyo vilivyoenea katika pwani ya Tanzania na katika bara iliyo nyuma yake, mahali pa wakulima na wafua chuma. Mfinyanzi wa Shanga na mfinyanzi wa bara walikuwa wakifanya kazi kwa mkono mmoja.

Hapa maneno ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, yapata maana mpya. Alisema kwamba watu wengi wa mji ni Zanj, weusi sana, wenye chale usoni, akamsifu Sultani kwa ukarimu, akaongeza kwamba mji umejengwa vizuri, nao ni wa miti. Maneno hayo ya mwisho yamewasumbua wataalamu, kwani siku hizo Husuni Kubwa ilikuwa inajengwa au imekwisha jengwa, na msikiti mkuu ulikuwa ukipanuliwa kwa mawe. Labda mgeni alisahau, au aliyenakili alikosea. Lakini yawezekana pia kwamba aliona sawasawa: mji wa watu wengi ulikuwa wa miti na udongo, na majumba ya mawe yalikuwa machache katikati yake. Hayo machache ndiyo yaliyosimama mpaka leo, na mtu anayetembea katika magofu huona mji wa matajiri peke yao.

Inafaa kukumbuka kidogo habari za Zimbabwe Kuu, maana dhahabu ya huko ndiyo iliyopita Sofala na kuitajirisha Kilwa, na huko nako ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson baada ya uchimbaji wake wa mwaka 1929, walisema wazi kwamba waliojenga kuta zile ni Waafrika. Juu ya hayo, serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kutaka wageni wa kale watajwe, na Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale, akaiacha nchi mwaka 1970. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ililichukua jina la magofu kuwa jina lake. Mambo ya pwani ni magumu zaidi kuliko hayo, kwa sababu katika Zimbabwe hadithi ya wageni ilikuwa uwongo mtupu, ilhali katika Kilwa wageni walikuja kweli. Kinachotakiwa hapa ni kujua walipokuja walikuta nini, na wakawa nani.

Ushahidi wa lugha ndio wenye nguvu kupita yote katika jambo hili, nao umekuwa ukisahauliwa na watu wa mawe kama ulivyosahauliwa na watu wa mifupa. Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, kisha Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, walionyesha kwa hesabu ya sauti na maumbo ya maneno kwamba Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja na Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro, katika ukoo uitwao Sabaki. Maneno ya Kiarabu yaliyomo, ambayo yaliwafanya wengi waione lugha kuwa machanganyiko, kwa sehemu kubwa yaliingia katika karne za karibuni. Shirika la maneno katika sentensi, ngeli za majina na minyambuliko ya vitenzi, vyote ni vya Kibantu.

Angalia maneno ya ujenzi wenyewe. Mji, nyumba, mlango, jiwe, na kitenzi kujenga, yote ni ya Kibantu. Mgiriama husema mudzi, nyumba na kudzenga, naye hakuyapata kwa Mwajemi. Msikiti na mnara ni ya Kiarabu, kwa kuwa mambo yenyewe yalikuja na dini. Dirisha ni la Kiajemi. Kutoka Uajemi tunapata pia bandari na jahazi, na hesabu ya mwaka wa jua inayoanza kwa Nairuzi, siku ambayo watu wa Makunduchi huiita kwa jina la Kibantu tupu, Mwaka. Mengine mengi yenye asili ya Kiajemi yalifika kwa mkono wa Waarabu au wa wafanyabiashara wa Bara Hindi. Jumla ya maneno yaliyotoka moja kwa moja kwa wale wanaume wa Shiraz ni ndogo mno.

Sasa weka mambo mawili haya pamoja. Mifupa yasema kwamba wanaume wa Kiajemi walikuja, wakaoa, na damu yao ikaenea katika nyumba za wakubwa wa miji. Lugha yasema kwamba hawakuacha hata sentensi moja. Mshindi anayetwaa nchi kwa upanga na kuitawala kwa watu wake huacha lugha yake katika mahakama, sokoni na jikoni. Hivyo Waarabu walivyofanya katika Misri, na Wareno katika Brazili. Kilwa haikuwa hivyo. Mtoto wa Nguo Nyingi alilelewa na mama yake na ndugu za mama yake, akaota meno akisema lugha yao, akapewa lakabu kwa lugha yao. Baba alileta nasaba, biashara na labda dini iliyokwisha tangulia kufika, nyumba aliikuta. Kwa mila za watu wengi wa Kibantu wa pande hizo, mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama, nayo ndiyo maana kurithi kwa babu mzaa mama hakukuhitaji kuelezwa na msimulizi wa Velten. Aliyekuja alikuwa mgeni, naye aliweza kuwa mwenyeji kwa njia moja tu, ya kuingia katika ukoo uliokuwapo.

Kwa hiyo wote waliofurahia matokeo ya mwaka 2023 kwamba yamethibitisha madai yao, walifurahi nusu. Anayedai kwamba Washirazi ni hadithi iliyobuniwa na wakubwa ili kujitenga na bara, amepata jibu kwamba si hadithi tupu. Anayedai kwamba miji ile ilikuwa ya Waajemi, hajapata kitu, kwani chembe za urithi zaonyesha baba wa mtu, hazionyeshi aliyechonga jiwe. Tena wengi wa waliopimwa walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya wenye hadhi. Yule aliyezamia majini kukata matumbawe yakiwa laini, aliyerundika kuni na mawe kuchoma chokaa, aliyeingia katika mikoko kukata boriti, ambazo urefu wake ndio uliopima upana wa kila chumba katika Kilwa, huyo amelala mahali ambapo hapana jiwe la kichwani, na mifupa yake haijaulizwa neno. Ni kosa kubwa kuichukua hesabu ya wakubwa kuwa hesabu ya mji.

Kosa hilo lina madhara leo. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, neno mgeni na neno mwenyeji hutupwa huku na huku kila uchaguzi unapokaribia na kila ardhi inapopimwa. Ikiwa asilimia za damu zitaanza kutumiwa kama hati za shamba, basi kila upande utapata mifupa ya kuupendeza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, iliyoketi Malindi, iliamua kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kwa ujenzi wa bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Hukumu hiyo haikuuliza nasaba ya mvuvi. Ilitazama kazi yake, bahari yake na utamaduni wa mji wake, na hiyo ni njia ya akili kuliko zile zinazopita makaburini.

Magofu yenyewe yana shida za namna nyingine. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa kuwa mvua, mizizi na mawimbi yalikuwa yakiyala. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo baada ya kuta kutengenezwa na mikoko kupandwa ufukoni. Bahari haijaacha kuja. Ukuta wa Gereza unaoelekea maji umekwisha ona mengi. Na jina hilo, msomaji akumbuke, ni neno la Kireno la kanisa, lililobaki tangu ngome waliyoijenga mwaka 1505 na kuiacha mwaka 1512, ingawa jengo linaloonekana sasa ni la zama za Waomani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani hiyo ya kusini, na barabara ya kwenda Kilwa ikakatika kwa mafuriko. Siku hizi ulinzi wa magofu uko mikononi mwa mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Imeleta boti na watalii, jambo ambalo si baya, lakini nyumba za udongo zilizolala chini ya mashamba ya kisiwa hazina cha kumwonyesha mtalii, na hizo ndizo zenye majibu yanayotafutwa.

Na kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji jembe. Katika Kilwa na mahali pa karibu nayo husemwa lahaja ya Kimgao, iliyoandikwa kidogo sana ikilinganishwa na Kiamu, Kimvita au Kiunguja. Ndiyo lahaja iliyokaa karibu zaidi na watu waliomwita mfalme wao Nguo Nyingi, nayo inaonyesha jinsi Kiswahili kilivyokutana na lugha za Wamachinga, Wamwera na Wangindo. Vijana wa Masoko husoma Kiswahili sanifu shuleni, lugha ambayo tangu Februari 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na wazee wanaosema Kimgao cha zamani wanapungua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamkataza mtu kung'oa jiwe moja katika msikiti mkuu. Kamusi ya Kimgao ingeweza kukusanywa na watu wawili wenye kinasa sauti katika misimu michache ya kiangazi, kwanza maneno ya uvuvi, ya ujenzi na ya ukoo, kisha majina ya mahali kisiwani, shamba kwa shamba, kabla ya kuanza kuchimba tena.